HAKUNA MAWIMBI: MUNGU ANAPOONEKANA KUNYAMAZA, USIITUPE SKRINI

Somo la kusoma kwanza: 1 Samweli 3:1-10



Vijana wapendwa, kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome somo hilo hapo juu. Ni aya kumi tu. Tutalirudia mara kadhaa, na ukiwa umelisoma utaona mwenyewe tunakokwenda.

Leo natumia mfano wa kompyuta. Siku hizi wapo vijana wengi ambao hawanunui kompyuta iliyokamilika; wanaiunga wenyewe. Kijana anadunduliza. Mwezi huu ananunua keisi, mwezi ujao pawa saplai, kisha mazabodi (ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote), prosesa, RAM, na mwisho kabisa kadi ya michoro iliyokula nusu ya akiba yake. Kama yuko Dar es Salaam, amezunguka Kariakoo duka kwa duka mpaka viatu vimelia. Siku ya kuiunga inafika. Anakaza skrubu ya mwisho, anachomeka umeme, anabonyeza kitufe. Feni zinazunguka! Taa zinawaka rangi zote! Anageukia skrini kwa furaha, na skrini inamwandikia: hakuna mawimbi. Sekunde chache baadaye inajizima na kubaki nyeusi.

Moyo unamdondoka. Wazo la kwanza: nimeunguza kitu. Wazo la pili: nimepigwa, nimeuziwa vifaa feki. Wazo la tatu, na hili ndilo baya zaidi: basi tu, haya mambo si ya watu kama mimi.

Sasa sikiliza maneno ya vijana wetu. "Nimepata Kipaimara mwaka jana, lakini nikisali sisikii kitu." "Nilitoka kwenye mafungo nikiwa na moto, wiki mbili tu, umezimika." "Nilimwombea mama yangu apone, hakupona, na tangu siku hiyo nikipiga magoti naona ukuta." Kijana ameundwa upya kwa neema, vifaa vyote vipo, lakini skrini ya moyo inasema hakuna mawimbi. Na wengi wanafikia yale mawazo matatu: nimeharibika, nimedanganywa, mambo ya Mungu si ya watu kama mimi. Kisha wanaondoka kimyakimya. Jumapili moja hayupo, ya pili hayupo, na sisi wengine tunakuja kushtuka baada ya miezi sita.

Ndiyo maana tafakari hii imeandikwa. Kama wewe ni mmoja wao, au una rafiki wa namna hiyo, twende pamoja taratibu.

1. SKRINI INAYOLALAMIKA HAIJAFA

Jambo la kwanza ambalo fundi atakuambia ni hili: skrini iliyoandika kwamba hakuna mawimbi ni skrini nzima. Ingekuwa imekufa isingeandika chochote. Ina umeme, ina mwanga wake, inatafuta picha kwenye tundu lake na haioni kitu kikija. Hata inapojizima, ukitazama pale chini kwenye ukingo utaona kitaa kidogo bado kinawaka au kinapepesa. Inasubiri.

Rudi kwenye somo. Mwandishi anaanza kwa kutuambia kwamba siku zile neno la Bwana lilikuwa adimu na maono hayakuwa mengi. Mzee Eli macho yake yamefifia. Kijana Samweli amelala hekaluni na bado hajamjua Bwana. Giza pande zote! Lakini katikati ya giza hilo, kwenye aya ya tatu, mwandishi anachomeka jambo dogo ambalo wengi tunalipita mbio: taa ya Mungu ilikuwa bado haijazimika.

Ndugu yangu, kama unaumia kwa sababu humsikii Mungu, huko kuumia ndiko taa yenyewe. Mtu ambaye imani yake imekufa haumizwi na ukimya wa Mungu. Anakula, analala, hata hakumbuki. Wewe unauliza, unalia usiku, unakasirika. Kitaa chako kinapepesa. Na ukiingia kanisani saa yoyote, tazama pale karibu na tabernakulo: taa ipo inawaka, hata kama hakuna mtu mwingine kanisani. Inatuambia kwamba Yupo. Haisemi kama wewe unamsikia au humsikii. Inasema tu, Yupo.

Kwa hiyo usiitupe skrini. Tutafute kosa liko wapi.

2. ANZA NA KILICHO KARIBU

Fundi mgeni akikutana na tatizo hili anakimbilia makubwa. Anang'oa prosesa, anataka kubadilisha mazabodi. Fundi mzoefu anaanza na vitu vya aibu, vile vidogo ambavyo mtu anaona haya kuviuliza. Skrini ina umeme? Kebo imekaa sawasawa pande zote mbili? Na je, skrini yenyewe inasikiliza tundu gani?

Hilo la mwisho linasumbua wengi. Skrini moja inaweza kuwa na matundu matatu au manne: HDMI ya kwanza, HDMI ya pili, DisplayPort, na pengine lile la zamani la VGA. Kompyuta inatuma picha kupitia HDMI ya pili, wakati skrini imeelekezwa ya kwanza. Picha inakuja, lakini haitazamwi. Unabonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, na papo hapo picha inatokea. Hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Samweli. Mungu alimwita usiku ule, na Samweli alisikia vizuri kabisa. Lakini kila alipoitwa alikimbia kwa Eli. Mara ya kwanza kwa Eli, mara ya pili kwa Eli, mara ya tatu kwa Eli. Sauti ilikuwa inafika. Masikio yalikuwa yameelekezwa kwingine. Na tazama upole wa Mungu: hakumgombeza wala hakuondoka. Aliita tena.

Kijana, umeelekeza masikio wapi? Huenda unasubiri Mungu aseme nawe kwa machozi na msisimko, kama ulivyoona kwa wengine kwenye mkesha, kumbe wewe anasema nawe kupitia Injili ya siku unayoisoma haraka haraka ndani ya daladala. Huenda unasubiri ndoto, kumbe amesema kupitia bibi yako aliyekuambia uache ule urafiki. Nabii Elia pale Horebu alipita upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo humo; akaja kumtambua katika sauti ndogo tulivu (1 Wafalme 19). Kabla hujasema Mungu amenyamaza, jiulize kama unalisikiliza tundu sahihi.

3. MATUNDU YANAFANANA

Kosa lingine maarufu sana kwenye kompyuta mpya ni hili. Nyuma ya keisi kuna sehemu mbili za kuchomeka kebo ya skrini. Moja iko juu, kwenye mazabodi. Nyingine iko chini kidogo, imelala, kwenye kadi ya michoro. Matundu yanafanana! Kebo inaingia kote kote bila shida. Kijana anachomeka ile ya juu kwa sababu ndiyo aliyoiona kwanza.

Sasa, ukishaweka kadi ya michoro, picha inatoka kwenye kadi. Na kuna prosesa ambazo hazina kabisa sehemu ya kutengeneza picha. Zile za Intel za mezani ambazo jina lao linaishia na herufi F, kwa mfano, ziko hivyo. Ukiwa na prosesa ya aina hiyo, lile tundu la juu halitakupa picha hata ukingoja mpaka Krismasi. Lipo, linapokea kebo, lakini nyuma yake hakuna chemchemi.

Jamani, hapa tuseme ukweli. Wakati wetu una matundu mengi yanayofanana na sala. Kijana anatazama vipande vya mahubiri kwenye simu saa mbili kila usiku na anaamini amesali. Anabadilisha sala kwenye status kila asubuhi, lakini hajakaa na Yesu hata dakika tano. Anafuata huyu anayetabiri na yule anayeuza maji na mafuta, kwa sababu kule "nasikia kitu". Kebo imeingia, si ndiyo? Imeingia. Lakini picha haiji, au inakuja ya siku moja tu, kwa sababu hajachomeka kwenye chanzo. Chanzo kwetu sisi Wakatoliki kinajulikana: Yesu mwenyewe katika Neno lake na katika Sakramenti zake, na juu ya zote Ekaristi Takatifu.

Msinielewe vibaya, simaanishi simu ni dhambi. Tunaye Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Italia, na akafariki Oktoba 2006 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 15 tu. Alipenda kompyuta na alizijua. Alizitumia kuandaa maonyesho juu ya miujiza ya Ekaristi na kuyaweka kwenye intaneti ili watu wote wayaone. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu. Lakini angalia mpangilio wa maisha yake: Misa kila siku, kuabudu Ekaristi, Rozari, na kompyuta ikafuata nyuma. Alichomeka kwanza kwenye chanzo, kisha akawapelekea wengine picha.

4. KILICHOINGIA NUSU HAKIJAINGIA

Umeangalia kebo, umeangalia tundu, bado. Sasa zima kompyuta, chomoa plagi ukutani, gusa chuma cha keisi ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa, kisha fungua.

Tazama kwanza umeme wa ndani. Mazabodi inahitaji kebo yake kubwa. Prosesa inahitaji kebo yake ya pekee, ile inayochomekwa pembeni kabisa kule juu, na wanaounga kompyuta kwa mara ya kwanza huisahau sana. Kadi ya michoro kubwa nayo inahitaji umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai. Kukosekana kwa ile ya prosesa au ile ya kadi ya michoro hakuzuii feni kuzunguka! Feni zitazunguka, taa zitawaka, mgeni akiingia chumbani atasema, "Duh, mashine hii!" Lakini picha hakuna.

Ninyi viongozi wa vijana, wanakwaya, watumishi wa altareni, hapa patuguse. Mtu anaweza kuwa na feni zote zinazunguka parokiani. Mazoezi ya kwaya Jumanne, kikao Alhamisi, usafi Jumamosi, sare imenyooshwa. Na ndani, mwezi wa tano huu hajasali peke yake wala hajaungama. Kelele za feni si ushahidi wa picha.

Kisha tazama RAM. Ni vile vibao vyembamba vinavyosimama kwenye mifereji karibu na prosesa. Vinahitaji kusukumwa kwa nguvu kidogo, mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe na usikie "tak". Wengi wanaogopa kuvivunja, wanasukuma kwa huruma, na kinaingia upande mmoja tu. Kwa macho kimeingia. Kwa kompyuta hakipo. Ni moja ya sababu za mara kwa mara kabisa za skrini nyeusi kwenye kompyuta mpya, na dawa yake haigharimu hata shilingi: kitoe, kirudishe, sukuma mpaka kilie.

Ndugu yangu, hivyo ndivyo yalivyo maungamo ya nusu. Unaingia kwa padre, unataja hasira, uvivu, kukosa sala za jioni. Na lile moja, unalolijua wewe na Mungu, unalizunguka. Unatoka umeondolewa wasiwasi kidogo, lakini moyo hautulii, kwa sababu kilichoingia nusu hakijaingia. Usiogope kusukuma. Padre ameshasikia mazito kuliko la kwako, na siri ya kitubio imefungwa. Hawezi kuitoa nje hata kwa kutishiwa maisha yake. Sema lile neno moja gumu. Ukishalisema utasikia "tak" ndani yako.

5. USIONGEZE, PUNGUZA

Ikiwa bado, fundi hufanya jambo ambalo mgeni hawezi kulifikiria. Haongezi kifaa. Anapunguza. Anachomoa kila kisichohitajika, anabaki na msingi: pawa saplai, mazabodi, prosesa na feni yake, RAM moja tu, na kinachotoa picha. Anawasha. Picha ikija, anazima, anarudisha kifaa kimoja, anawasha tena. Kimoja kimoja. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja hata akifanikiwa hajui ni kipi kilichomponya, na akishindwa hajui ni kipi kilichoharibu.

Kijana akipatwa na ukavu katika sala hufanya kinyume. Anaongeza! Novena tatu kwa wakati mmoja, mfungo wa siku saba, mkesha kila Ijumaa, chama kipya, kitabu kipya. Wiki mbili amechoka, anaacha vyote, na anabaki na hatia juu ya uchovu.

Punguza mpaka msingi. Asubuhi, ishara ya msalaba na Baba Yetu, taratibu, kila neno. Mchana, Injili ya siku, mara moja tu lakini bila kukimbia. Jioni, dakika tano za kutafuta dhamiri. Jumapili, Misa Takatifu. Shika hayo kwa mwezi mzima, usikie kitu usisikie kitu. Msingi ukikaa, ongeza kimoja.

Kuhusu zile dakika tano za jioni: mazabodi nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo, ya prosesa, ya RAM, ya kadi ya michoro na ya diski. Kompyuta inapowaka inakagua kimoja baada ya kingine, na taa inayobaki inawaka inakuonyesha imekwama wapi. Huhitaji tena kubahatisha. Kutafuta dhamiri ni kuzitazama taa hizo. Leo nilikwama wapi? Kwenye ulimi? Kwenye simu? Kwenye ule msamaha ninaokataa kutoa? Usiogope taa inayowaka. Inakurahisishia kazi.

6. KUNA GIZA AMBALO SI KOSA

Sasa nakuja kwa yule ambaye ameshafanya haya yote. Ameungama vizuri. Anasali. Anashika msingi. Na bado, kimya. Huyu ndiye ninayemwandikia hasa, kwa sababu mara nyingi tunamwumiza kwa kumwambia kwamba lazima kuna dhambi amekalia.

Kompyuta mpya zinazotumia RAM ya aina ya DDR5 zina tabia moja. Zikiwashwa mara ya kwanza kabisa, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Feni zinazunguka, picha hakuna. Asiyejua anaona zimeharibika. Kumbe ndani kuna kazi inafanyika: mazabodi inaijaribu RAM kidogo kidogo, inapima, inarekebisha, mpaka zikubaliane namna ya kufanya kazi pamoja bila kukosea. Na inafanyika gizani, kabla picha haijaweza kuonyeshwa. Kijana mwenye haraka, dakika ya pili anazima umeme. Anawasha. Kazi inaanza upya. Anazima tena. Kila akizima anaharibu kile kile anachokisubiri.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanajeshi aliyejeruhiwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521 na akaongoka akiwa kitandani, aliandika katika Mazoezi yake ya Kiroho juu ya nyakati hizi za ukiwa. Alitaja sababu kuu tatu. Ya kwanza, uzembe wetu wenyewe katika mambo ya roho. Hiyo ndiyo kebo iliyolegea, tumeshaizungumza. Ya pili, Mungu anatujaribu, ionekane tutasimama kiasi gani hata bila tuzo ya faraja. Ya tatu, anatufundisha kwamba faraja ni zawadi yake. Hatuwezi kuitengeneza wenyewe. Skrini haijitengenezei picha, inapokea.

Ona basi: kati ya sababu tatu, ni moja tu iliyo kosa lako. Na Inyasi akaweka kanuni ambayo kila kijana aiandike ukutani: ukiwa katika giza, usibadilishe uamuzi mwema ulioufanya ukiwa katika mwanga. Usiache wito usiku wa giza. Usivunje uchumba usiku wa giza. Usihame Kanisa usiku wa giza. Usizime umeme dakika ya pili.

Mama Teresa wa Kalkuta alisikia wito wa kuwahudumia maskini kabisa, akaufuata, na kisha ndani yake pakawa giza. Barua zake, zilizotolewa kitabu mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba giza hilo lilidumu karibu miaka 50. Dunia nzima iliona tabasamu. Yeye ndani hakuhisi chochote. Lakini kila asubuhi alikuwa mbele ya Ekaristi, na kila siku alikuwa kwa wagonjwa wake. Mwaka 2016 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu. Usiniambie Mungu hakuwapo katika maisha yale! Alikuwapo, na waliomwona ni wale maskini waliokufa wakiwa wameshikwa mkono.

Na Kanisa haliogopi giza hili. Zaburi ya 88 ni kilio kutoka mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani, haina hata aya moja ya furaha. Kanisa limeiweka katika sala ya usiku ya Ijumaa, ili wote waisali, hata wenye furaha, kwa niaba ya wasio nayo. Na Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22, akimwuliza Mungu wake kwa nini amemwacha. Kwa hiyo, wewe uliyemwombea mama akafariki, sitakupa maelezo mepesi. Nakuambia tu kwamba mahali uliposimama, Mwana wa Mungu amesimama hapo kabla yako, na aliendelea kusema "Mungu wangu".

7. MWITE FUNDI

Samweli hakujitambulia mwenyewe. Alihitaji Eli. Mzee yule alikuwa na makosa mengi, na macho hayakuona vizuri, lakini alijua sauti ile ni ya nani, akamwelekeza kijana arudi alale na ajibu. Mungu angeweza kumruka Eli. Hakumruka.

Tafuta Eli wako: padre, mtawa, katekista, mlezi wa vijana, mzee wa Jumuiya anayesali kweli. Mwambie yote kama yalivyo.

Na kuna jambo moja la mwisho la kiufundi. Pawa saplai huifungui. Hata ikiwa imechomolewa ukutani, ndani yake kunaweza kubaki umeme wa kumwua mtu. Hiyo ni ya fundi aliyesomea. Vivyo hivyo kuna majeraha ambayo hayafunguliwi na rafiki kwenye simu usiku wa manane. Kama uliwahi kudhalilishwa, kama hulali wiki nzima, kama huoni ladha ya chochote, wala chakula wala watu, kama limekujia wazo la kujiondoa duniani, huo huenda si ukavu wa sala tu. Ni ugonjwa, na ugonjwa una tiba. Nenda hospitali, mwone daktari au mshauri nasaha, leo, na umwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Daktari naye ni mkono wa Mungu.

Mfano wangu una mwisho wake, na nauheshimu. Kompyuta ni chuma. Ukishika kosa, lazima itii. Mungu ni Baba, hana kitufe. Hatumrekebishi. Tunachoweza kurekebisha ni upande wetu, kisha tunasubiri kama anavyosubiri mtu anayependwa.

CHA KUFANYA WIKI HII

Chagua moja tu, usichague yote.
- Panga siku ya kuungama, na uende ukiwa na lile neno moja gumu.
- Kaa dakika kumi mbele ya tabernakulo bila simu, bila kitabu. Itazame ile taa.
- Mtafute kijana mmoja aliyepotea parokiani kwenu. Usimhubirie. Mwulize tu anaendeleaje, na usikilize.

MASWALI YA KUJIHOJI

1. Katika mawazo yale matatu (nimeharibika, nimedanganywa, si ya watu kama mimi), lipi linanitesa zaidi?
2. Kebo yangu imechomekwa wapi kwa sasa?
3. Ni uamuzi gani mwema ninaotaka kuuvunja kwa sababu tu niko gizani?
4. Eli wangu ni nani?

TUSALI

Ee Bwana, ulimwita Samweli usiku, na alipokosea njia ulimwita tena. Niite na mimi tena. Kama kuna kilicholegea ndani yangu, nionyeshe, unipe ushujaa wa kukisukuma mpaka kikae. Kama giza hili ni kazi yako, nipe subira nisiiharibu kwa haraka zangu. Walinde wenzangu waliojizima peke yao bila mtu kujua, na unitume kwao. Mama Maria, uliyesimama chini ya msalaba saa mbingu ilipokuwa kimya, simama nasi. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.
Mtakatifu Teresa wa Kalkuta, utuombee.

Uwe na wiki njema, na usizime umeme.